Ramani kwa Shemeji

Mwatumu, chukua hii.
Nimechora nyuma ya bahasha ya bili ya gesi;
kuchora sijui, lakini njia naijua
kama ulimi ujuavyo pengo.

Umesema unaogopa magari. Vizuri.
Kwa mwoga huenda kicheko.
Mimi niliyejifanya shujaa barabara ya Narborough
nina chuma gotini
kinachotabiri mvua kuliko redio.

Anza Aylestone, kwenye daraja la mawe
jembamba kama mshipi.
Shuka. Kokota. Usione haya:
hata farasi wa mizigo, enzi hizo,
walipita hapo mmoja mmoja.

Mbele yake utakuta njia imenyooka
hadi macho yachoke kabla ya miguu.
Hii ilikuwa reli.
Treni zilikufa mimi sijazaliwa,
vyuma vikang'olewa, vikauzwa,
na kwa kuwa treni haipendi kilima
imetuachia urithi wa tambarare.
Hutapanda popote. Hutahema.
Utasikia mnyororo wako unavyosaga
(utie mafuta, nimekwambia mara ngapi?)
na miiba ya pembeni ikikwaruza mkono wa koti.
Agosti miiba hiyo huzaa matunda meusi.
Chuma, hakuna mwenyewe.

Kisha mji unakuja, lakini unakuja kwa mgongo:
nyuma za viwanda vya soksi, madirisha yaliyozibwa mbao,
kamba za nguo, jiko la mtu linanukia bizari.
Barabara zote zinapita juu ya kichwa chako
zikigombana zenyewe kwa zenyewe.
Wewe uko chini, na maji.

Piga kengele kabla ya kila daraja.
Kwenye kivuli chake hukaa wanaume wa fimbo ndefu;
huvua samaki, humpima, humpiga picha,
halafu humrudisha mtoni.
Usiniulize.

Langoni mwa maji simama, hata kama umechelewa.
Tazama boti inavyopandishwa ngazi isiyo na ngazi,
na mwenye boti, kikombe cha chai mkononi,
akiinuka taratibu kutoka shimoni
mpaka macho yenu yakawa sawa.
Atasema asubuhi njema. Mjibu.

Abbey Park kuna bata bukini wasio na adabu.
Wakivuka, ngoja.
Ndiyo foleni pekee utakayoikuta.
Na ukimwona mama wa Kigujarati, sari na viatu vya mbio,
huyo ni Kanchanben wa Kisumu.
Kiswahili chake cha dukani kimekaa kabatini
tangu sitini na nane, nondo hawajakigusa.
Atakuuliza bei ya sukari nyumbani. Mtajie yoyote.

Karibu na benchi lenye mguu uliolegea
ndipo nilipomfundisha Idarusi.
Nilikimbia nyuma yake nimeshika kiti,
nimekushika, nimekushika,
na mkono wangu ulikuwa mfukoni kitambo.
Alifika kwenye mti ule wa mwisho ndipo akageuka.
Akaanguka kwa kugeuka, si kwa kuachwa.

Siku hizi ana gari la kusambaza vifurushi.
Akinikuta barabarani hunipigia honi mbili,
naruka, goti linalia.
Salamu hiyo, baba, ananiambia.
Basi mimi nikarudi huku kwa bata.

Zamu yako ya kufua mashuka hospitalini
inaanza saa kumi na mbili; toka saa kumi na moja.
Taa ya mbele nimebadilisha betri.
Nati ya gurudumu la nyuma, ikaze mwenyewe, ujue.

Jumapili hii tutajaribu, mapema, kabla ya mbwa.
Nitakuwa nyuma yako, mkono kwenye kiti.
Nitasema nimekushika.
Usiniamini hata kidogo,
ila usigeuke.

Na hiyo bahasha usiitupe.
Bili yenyewe iko ndani, bado sijalipa.