Kidato cha Pili B, Saa Nane Mchana

Kinanda hakina fa. Ilikufa mwezi wa tatu;
tangu hapo wanaiimba wenyewe,
kila mmoja ya kwake.
Filimbi nne zilikwenda Mbagala, hazijarudi.
Chande sauti imemkatikia njiani:
akipanda anaporomoka,
na darasa zima nyuma yake, kwa kicheko.
"Tena," nasema. "Tena."
Koo langu msasa.

Sikudhani haimbi. Anakwaruza dawati,
nami namkemea tangu Januari.

Leo umeme ukakatika, feni ikanyamaza,
nikazisikia kucha zake: moja, mbili-tatu, moja,
mapigo niliyoyafuta ubaoni jana kwa hasira.
Chande akaingia chini yake,
kwa sauti ya mtu mzima
ambaye bado hajamjua.

Fa hiyo!

Kengele. Wakakimbilia mihogo.
Filimbi sakafuni, zingali na mate.