Sekunde Tisini

Chumba changu cha bweni kina mwangwi,
kwa hiyo najifungia kabatini, kati ya makoti,
kipaza sauti kimeegemea buti la theluji,
nasoma bei ya maziwa kwa ratili mia
mara ya saba, mara ya nane,
hadi neno lenyewe lachuja kama kitambaa cha soko.

Profesa Pruitt ana kalamu isiyo na huruma.
"Maren, msikilizaji wako mikono yake iko kazini.
Usimsimamishe. Jua analiona,
usimwambie ni la dhahabu."
Nimekata dhahabu. Nimekata "kwa masikitiko makubwa".
Nikaandika: mvua ya kuotesha, mvua ya kuozesha.
Akacheka, akazungushia duara:
milimita ngapi?

Kaka yangu huniuliza
shahada ya kuongea kuhusu samadi ni miaka mingapi.
Minne, namjibu. Na mkopo.

Novemba nikapangiwa mnada,
taarifa ya sekunde tisini,
na kwenye karatasi jina la Verlyn Stuessy,
ambaye zizi lake liko ng'ambo ya uzio wetu,
aliyenifunza kukamua nikiwa na miaka sita,
shavu langu ubavuni mwa ng'ombe:
"Sikiliza tumbo lake kwanza. Chuchu baadaye."

Nilikwenda. Baridi ya Wisconsin ilikata masikio.
Malori ya mifugo yalijipanga hadi barabara kuu.
Dalali, ulimi wake cherehani,
alishona bei juu ya bei:
hereni namba mia nne kumi na mbili, ameuzwa,
mia nne kumi na tatu, ameuzwa,
sitini na wawili kabla ya mchana.
Akina mama wa kanisa waliuza supu.
Hakuna aliyelia.
Huku kwetu watu hulia ndani ya gari, injini ikiunguruma.

Nikamsogelea, swali nimelikariri:
"Bwana Stuessy, kushuka kwa bei kumechangia vipi..."
Akanitazama kama ndama aliyekosea mlango.
"Weka hicho kidude chini, ule supu."
Nikala supu.

Kisha, bila kuulizwa:
ile redio ya zizini haikuwa yangu, ilikuwa yao.
Saa kumi alfajiri, wakisikia mtu anaongea,
waliachia maziwa.
Angesoma hata bei ya misumari.
"Nawe ukianza kazi, soma polepole.
Hujui nani anakamuliwa."

Alipofika mlangoni akageuka.
"Walikuwa na majina, eti."
Akanipa daftari lenye harufu ya dawa ya kwato.

Usiku nikahesabu.
Bei, sekunde kumi.
Sababu, ishirini na nne: riba, chakula cha mifugo,
kiwanda cha jibini kilichofuta mkataba.
Kujitambulisha, sita.
Zilizobaki nikawaita:
Jumanne, Hua, Senti Tano,
Kiatu, Malkia wa Pili, Yule Mwingine...
Saa ikanikata kwenye wa thelathini na nne.

Nikaondoa sababu. Sababu wanazijua,
wamelala nazo kitanda kimoja.
Hamsini na mmoja.
Nikaondoa bei, mkono ukinitetemeka kidogo.
Hamsini na wanane.
Wanne bado wamesimama nje, mkia kwenye upepo.

Jina langu ndilo lililobaki.
Nikalikata.

Alama ya kazi hiyo naijua, nisidanganyane.
Ya Pruitt nimeirekodi pia, safi, ina tarakimu,
itatumwa Ijumaa.

Lakini mama kapiga simu:
taa ya kwa Stuessy bado huwaka saa kumi,
redio inasikika hadi uani kwetu,
inasomea nguzo na minyororo.
Sijui anayempigia ni nani.
Narudi kabatini. Nafunga mlango.
Polepole, sasa.
Jumanne.
Hua.