Kuzibua

Bomba, hebu tuongee, mimi na wewe tu.
Mkawasi amelala. Mama yake yuko zamu ya usiku
na hatarudi kabla ya saa mbili asubuhi.

Leo siku ya tatu.
Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe,
na jembe nililokupa ni henga ya koti
niliyoinyoosha mpaka vidole vikafura.
Ilirudi na kipande cha sabuni, basi.
Maji yamekaa bafuni kama shemeji asiyeaga,
ya kijivu, yana utando,
na bata wa plastiki kalala ubavu juu yake.

Sikukujia kwa ubaya.
Nilianza na maji moto, birika tano.
Kwa bei ya umeme ya huku, birika tano!
Nikakupa magadi, nikakupa siki,
ukatoa povu, ukacheua kama mtoto aliyeshiba,
ukanyamaza.
Nikashika mpira wa kuzibulia, pwa, pwa, pwa,
hadi Bwana Ormerod wa nyumba ya pili
akagonga ukuta, kisha akagonga mlango.

Kumbe hakuja kugomba.
Alikuja na nyoka wa chuma, mita sita,
na maoni yake: "Nywele. Siku zote ni nywele."
Nyoka akaingia mita moja na nusu, akang'ang'ania.
Tukavuta wawili,
yeye na suruali ya kulalia, mimi na kikoi,
na nje Rochdale nzima inanyesha.

Zilikuwa nywele, kweli.
Za Wakesho, rasta za Krismasi zisizojua kuoza.
Za ndevu zangu, zile nyeupe
nilizodhani nimezinyoa kabla hazijaonekana.
Na shungi moja refu, jekundu,
lisilo la yeyote kati yetu.
Dada, sikujui. Ulihama lini?
Ulikuwa ukioga asubuhi au usiku?
Nimekuweka kwenye mfuko pamoja na sisi.

Bwana Ormerod akanawa mikono jikoni, akaenda zake mshindi.
Nikafungua bomba la maji.
Maji yakazunguka mara moja,
yakasimama.

Hapo ndipo nilipokaa sakafuni, nikafikiri.
Tumelelewa kuziba.
Usipoziba ufa utajenga ukuta,
tuliandika ubaoni, tukachapwa kwa kusahau koma.
Ziba ufa, ziba masikio, ziba mdomo wageni wakija,
ziba pengo la baba akifariki.
Kuzibua hatukufundishwa na mtu.
Miaka tisa ninatuma pesa, nasema huku ni kuzuri,
baridi tu kidogo.

Saa saba na nusu usiku nikang'oa mbao mbili za sakafu.
Tochi mdomoni. Vumbi, ganda la karanga, senti ya zamani.
Nikakuwekea pimamaji mgongoni
na kiputo kikakimbilia upande usiotakiwa.
Kumbe ulikuwa umechoka, bomba.
Kibao kilichokushika kimeoza,
umelegea katikati kama kamba ya kuanikia,
na sisi juu tunakutukana, tunakumwagia siki,
tukitaka maji yapande mlima.

Nikakuinua taratibu, kwa kiganja.
Nikakukingia kipande cha mbao,
na kwa kuwa kilipungua kidole kimoja,
soli ya kiatu changu cha kwanza cha ghalani,
mpira mgumu, umebeba mengi kukuzidi.

Halafu ukavuta pumzi.
Sauti mbaya, ndefu, ya koo la ng'ombe.
Bata akasimama, akazunguka, akazama hadi chini,
akabaki amekaa kwenye tundu akinitazama.

Sasa saa mbili na robo. Wakesho yumo bafuni.
Hajauliza kitu; ameona mbao, ameruka, ameingia.
Nimekaa kwenye ngazi na chai iliyopoa.
Amechomoa kizibo.
Ninakusikia ukutani, unateremka,
unateremka,
na simu iko mkononi. Kwa mama ni saa tano na robo,
atakuwa ameshatoka shambani.
Nitamwambia nini kwanza?
Labda nianze na bomba.