Ua la Rundo la Mchanga

Goba, kwenye mchanga ulioshushwa juzi,
limechomoza: dogo kuliko kifungo cha shati.
Napiga goti. Petali nne. Hapana, tano,
moja imeliwa na mdudu.
Jani lina vinyweleo.
Kitabu changu kinasema labda,
kinasema labda mara tatu.

Fundi Chilewa anaweka mwiko chini,
anafikicha jani, ananusa,
anakaa kimya kama aliyeitwa na mamaye.
"La kwetu Bahi hili. Lile lori
lilibeba mbuzi kabla ya mchanga."
Jina? "Jina alikuwa nalo bibi."

Naandika: Bahi. Chungu. Hupanda manyoya ya mbuzi.
Mstari wa jina nauacha mtupu.

Kesho ni zege.
Chilewa analizungushia matofali matatu,
ananikabidhi kopo:
"Kidogo tu. Maji halijayazoea."