Simu ya Kila Machi

Birmingham, Alabama. Ulikuwa na miaka ishirini na miwili,
Alonzo Pettway, umetoka zamu ya usiku kiwanda cha chuma,
masizi yamelala kwenye mistari ya viganja.
Ulipoiona mashine ya kukimbilia ulicheka:
"Yaani mnanilipa nikimbie, nisifike?"
Ulikimbia dakika kumi na mbili. Niliandika.
Presha, mia na kumi na nne juu, sabini na mbili chini.
Sigara, nusu pakiti. Baba, marehemu,
arobaini na tisa, ghafla, akifunga kamba za viatu.
Hilo nalo niliandika, katika kisanduku
kisichomtosha mtu mzima.

Watu walituuliza: mnatafuta nini kwa wazima?
Ugonjwa huu haubishi hodi.
Huhamia mwenyewe angali anacheza mpira,
ukapanga vyombo vyake polepole.
Sisi tulitaka kuuona ukiingia na begi.

Kila Machi nilipiga.
Umelazwa? Hapana. Unavuta?
"Kidogo. Mke anadhani nimeacha, usiandike."
Niliandika.
Mwaka kiwanda kilipofungwa, kwenye kazi ulisema "hamna,"
ukanyamaza, kisha ukaniuliza:
"Na wewe, nani hukupigia?"
Fomu haikuwa na swali hilo.

Presha ikapanda, mia na ishirini na nane,
mia na arobaini na moja.
Ikaja mashine ya kupiga picha moyo:
chembe za chokaa kwenye mshipa, tatu, nne,
kama masizi, ila meupe.
Ulizitazama muda mrefu. Ukauliza kama zinafutika.
Katika makala za madaktari
wewe ni sehemu ya asilimia kumi na moja.
Sijui ni sehemu gani.
Sigara uliacha mwaka uliofuata; safari hii kweli,
mkeo alichukua simu akanithibitishia.

Juzi ulipiga wewe, bado ni Februari.
Sauti yako ilikuwa ya alfajiri.
"Nimemzidi baba. Kwa siku moja.
Nimekaa ukingoni mwa kitanda, nikafunga kamba,
kiatu cha kushoto, halafu cha kulia,
nikangoja.
Hakuna kitu. Andika."

Nilitafuta kisanduku, hakikuwapo.
Nikaandika pembeni kwa penseli,
kushoto, kulia,
na kwa kuwa kazi ni kazi, nikakuuliza:
tangu tulipozungumza, umelazwa popote?