Friji ya Ofelia

Siri ya mtungi aijuaye kata.
Siri ya gari, niulizeni mimi na bisibisi yangu,
hapa Laredo, Daraja la Pili, njia ya kushuka kusini,
ambako lami ya Julai hushika soli ya kiatu
kama mtoto asiyetaka uondoke.

Jina langu Byamungu. Wao huniita Bi,
hawajui wamenivika kanga.
Mimi si askari. Sina bastola wala nyota begani.
Mbwa akishakaa chini, ndipo naitwa:
nang'oa milango, nashusha matangi,
nagonga tairi kwa kifundo cha kidole na kusikiliza.
Tairi lenye upepo huitika.
Tairi lenye noti hunyamaza,
kama mdeni aliyeitwa jina lake sokoni.

Watu hudhani magendo hupanda kaskazini tu.
Bunduki hushuka.
Hununuliwa dukani, kwa risiti, rafu moja na mahema,
kisha hushuka vipande vipande,
na fedha hushuka nazo, zimebanwa kwa plastiki,
zimepakwa grisi na haradali ili pua ya mbwa ipotee.
Niliwahi kutoa dola elfu arobaini ndani ya kiti cha mtoto.
Mtoto alikuwa amekikalia, anakula chungwa.

Jumanne alikuja mzee Eleuterio Cantú
na pikapu ya rangi ya maziwa yaliyochacha,
friji imesimama nyuma, imefungwa kamba za manila,
mafundo mengi kuliko haja.
"Ya mke wangu, Ofelia," alisema.
"Miaka thelathini na mmoja ananunua barafu."
Mbwa, Brisa, alizunguka mara moja.
Mara ya pili akakaa.

Afisa Treviño alinitazama tu.
Nikafungua parafujo kumi na nne za mlango wa friji,
nikabandua mpira, nikachomoa ganda la ndani,
na pale palipotakiwa kuwa na sponji ya kuzuia joto
palikuwa na mitutu sita, imelala mzungu wa nne
kama ndugu wenye kitanda kimoja.

Nilikwisha kuiona mitutu ikilala hivyo.
Uvira, chini ya magunia ya makaa, nina miaka tisa,
na dereva wa lori lile alikuwa mjomba,
na mjomba alitununulia viatu.

Mzee alivua kofia, akaivaa tena.
"Mpwa wangu ndiye aliyeipakia," alisema,
halafu mdomo ukabaki wazi,
maana alikwisha kusikia alichokitoa.
Mpwa yupi? akauliza Treviño.
Sina mpwa, akasema mzee.
Walipomtia pingu aliuliza jambo moja,
akaniuliza mimi, si wao,
labda kwa sababu mikono yangu ilikuwa na grisi:
"Bado itagandisha?"

Sijui kama alijua. Bisibisi haifiki huko.

Gari lisilo na kitu nalirudisha lilivyokuwa.
Hakuna anayewaambia wenyewe samahani,
kwa hiyo mimi hukaza parafujo iliyolegea tangu zamani,
hutia mafuta kitasa kinacholia.
Ndiyo pole yangu, na wengi hawaijui.
Lakini friji hii ilikuwa ushahidi.
Iliandikwa namba, ikasukumwa ghalani, mlango ubavuni,
utumbo nje.

Zamu ilipoisha niliingia ghalani bila kuulizwa.
Nikarudisha parafujo kumi na tatu;
ya kumi na nne sikuiona, ingawa nilipiga magoti.
Nikaubana mpira kwa kiganja, pembe hadi pembe.
Nikachomeka waya ukutani.
Ikakohoa, ikatulia, ikaanza kuunguruma.

Ng'ambo ya mto, saa kama ile, mtu alikuwa analipia barafu.

Nikatia chupa yangu ya maji ndani,
nikafunga mlango,
nikageuza ndoo, nikakaa juu yake,
nikasubiri.