Kijani Kielekee Mlangoni

Baba mdogo Oboth alishuka basi la Tororo
na viti viwili vya plastiki, vyeupe,
kimoja ndani ya kingine, vimefungwa kwa mpira wa baiskeli,
lebo ya bei ingali imeganda mgongoni.
Alikuwa ameuza mbuzi.
Alikuwa ameambiwa na binamu yangu Nyafwono
kuwa mtoto wa marehemu kaka yake
amepanga nyumba ya vigae, ghorofa ya tatu, hapa Jinja,
na humo ndani anaishi na takataka.

Akavua viatu. Akasimama.

Meza yangu ni mlango:
mvule wa duka la zamani, Barabara Kuu.
Siku walipolibomoa nilimhonga msimamizi soda na elfu thelathini,
tukaubeba watu wanne kama jeneza.
Tundu la ufunguo lipo bado. Kikombe nakiweka kando yake,
maana chai ikimwagika hupenya humo
kama mtu aliyechelewa kurudi nyumbani.

Beseni la kunawia limekaa juu ya miguu ya cherehani.
Ukikanyaga pedali gurudumu huzunguka bure,
halishoni kitu, na bado kila mgeni hukanyaga.
Magunia ya kahawa ya Bugisu nimeyafanya mito;
fundi Wandera aliyafua mara tatu,
lakini mvua ikinyesha yananukia ghala.

Baba mdogo alivitazama hivi vyote
kwa jicho la mtu anayehesabu deni.
"Binti," akasema, "mimi na baba yako
tulikalia magunia ili wewe usiyakalie."

Sikuwa na jibu.
Maneno nilikuwa nayo, yale ninayowauzia wateja,
kwamba cha kale ni tunu, kwamba mbao za leo hazina moyo.
Nayo yalivua viatu, yakabaki nje.

Akafungua mpira, akatenganisha viti,
akakalia kimoja, akanisogezea kingine.
Tukakaa katikati ya sebule yangu
kama watu wawili wanaomsubiri daktari.

Ndipo akainua kichwa.
Juu ya meza, kwa mnyororo, inaning'inia taa ya reli,
taa yake ya stesheni, aliyomwachia baba,
baba akaniachia mimi pamoja na koti moja na deni la ada.
Nilitoa tangi la mafuta, nikatia waya na balbu.
Masizi ya ndani sikuthubutu kuyasugua.

"Nani kaitundika hivi?"
"Mimi."
"Umeelekeza chekundu mlangoni.
Kila anayeingia unamwambia: simama, njia imefungwa."

Akapanda juu ya kiti chake cha plastiki.
Kikalalamika, kikamvumilia.
Mkono wa miaka sabini na miwili
ukakitafuta kishikio bila msaada wa macho.
Tik, kikapita kioo cheupe. Tik.
Kijani kikamwagika juu ya mvule,
kikaingia tundu la ufunguo,
kikashuka hadi kwenye vidole vya miguu yetu.

"Usiku mmoja, mwaka wa mvua kubwa," akaanza,
na hakumaliza. Akashuka.
Akaomba chai. Kikombe akakiweka,
bila kuambiwa, kando ya tundu.

Alipoondoka aliviacha viti vyote viwili.
Havifanani na chochote humu ndani.
Wateja wakija huniuliza kama vimesahauliwa na mafundi wa rangi.
Nawajibu kuwa vina miezi minane,
kwamba ni vya mbuzi mmoja mzima,
waviache tu,
ndiyo kwanza vinaanza kuzeeka.